Goma: bustani ya "familia" inatulipisha ili watoto wakacheze kwenye shimo la mazuku, hewa ya sumu?

Wandugu, nina hasira, mnivumilie.

Jumapili asubuhi nilipeleka watoto wangu watatu kwenye ile bustani mpya kando ya ziwa, upande wa kwenda Kyeshero. Jina silitaji, bango mmeshaliona. Mlangoni franka 3,000 mtu mzima, 2,000 mtoto, na huyu wa miezi minane niliyembeba mgongoni naye wakamkatia tikiti! Nikanyamaza. Mji wetu mnaujua: ufuo umemezwa na nyua za matajiri na hoteli, na huku kwetu uani ni mawe meusi ya volkano, mtoto akianguka mara moja goti limechanika. Ukisikia kuna majani na mchanga, unalipa tu.

Bembea ziko mbili, moja mnyororo umekatika wakafunga kamba. Choo kina kufuli, ufunguo uko kwa mama wa baa, na hautoi mpaka ununue kitu. Hayo ningesamehe.

Ila huo mchanga! Wameuweka kwenye kishimo cha chini kabisa, karibu na maji, kina chake kinanifika kiunoni, miamba imekizunguka pande zote. Nani amekulia Goma asijue shimo la namna hiyo? Bibi zetu walitufukuza huko kwa fimbo. Mazuku haina rangi wala harufu. Ni hewa ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, nzito kuliko hii tunayovuta, inalala mabondeni usiku na asubuhi mpaka jua na upepo viitawanye. Mtu mzima akisimama pua iko juu yake. Mtoto aliyekaa chini anajenga nyumba ya mchanga, pua iko ndani.

Kilichonishtua ni mijusi wawili wamekufa pembeni, hawana jeraha. Nikawavuta watoto juu mbio, nikamwomba sentineli, mlinzi wao, kiberiti. Kiunoni kinawaka. Magotini kinawaka. Nikakishusha miguuni, kikazima. Nikawasha kingine, kikazima palepale. Na siku hiyo ziwa limetulia kama mafuta, hata jani halitikisiki.

"Mama, huo ni upepo," ananiambia. "Tangu tufungue, nani amekufa?"

Jamani! Kwa hiyo tunasubiri wa kwanza?

Nikaitiwa meneja. Kijana mpole, sikatai. Pesa hairudi kwa sababu tikiti imeshachanwa, ila anaweza kunipa soda moja. Moja, tugawane wanne.

OVG, wale wachunguzi wa volkano, si wako hapahapa Goma? Wanashughulika na volkano na hizi gesi kila siku, kuwaita wapime kuna ugumu gani? Na kinachoniuma zaidi: pale juu, penye upepo mzuri na kivuli, wamepanga meza za bia. Walevi wamepewa hewa, watoto wamepewa shimo. Badilisheni! Kuhamisha mchanga ni kazi ya siku moja kwa vijana na chukudu chache, yale magurudumu yetu ya mbao ya kubebea mizigo.

Aliyekuwa pale Jumapili na mtoto akalalamika kichwa, au akalegea ovyo, aandike hapa chini. Wangu wa pili alisinzia kwenye pikipiki tukirudi, saa nne asubuhi. Huyo mtoto hata usiku kumlaza ni vita.