Brevet ya kilomita 300: niende na fiksi au na baiskeli ya gia? Naombeni ushauri

Pedeli_Mbili

Wakuu habari zenu.

Nimejiandikisha kwenye brevet ya kilomita 300, yaani safari ndefu ya baiskeli ya kumaliza ndani ya muda uliowekwa, si mashindano. Imebaki wiki saba. Kikomo ni saa 20, kwa hiyo sehemu ya mwisho nitaiendesha usiku.

Nina baiskeli mbili. Ya kwanza ni fiksi, yaani gia moja bila friwili: gurudumu likizunguka, pedeli nazo zinazunguka, hakuna kuserereka. Mbele meno 46, nyuma 17, breki ya mbele peke yake. Naiendesha karibu kila siku, huu mwaka wa tatu. Ya pili ni ya gia, mbele 50 na 34, nyuma inaanzia 11 hadi 32. Niliinunua ikiwa imetumika na haijawahi kutulia. Nikiikanyaga kwa nguvu mnyororo unaruka.

Moyo wangu uko kwa fiksi, sifichi. Nikiwa juu yake najua kila kitu barabara inachofanya, na sina kazi ya kuwaza gia gani niweke. Lakini safari yangu ndefu kuliko zote ni kilomita 110 tu, na kuanzia kilomita ya 80 hivi goti la kulia huanza kuuma. Kesho yake linakuwa limepona.

Kuna jambo jingine. Kwenye kilomita ya 170 hivi kuna mlima, kilomita 4 za kupanda, wastani wa asilimia 7, kisha unashuka kama kilomita 5 upande wa pili.

Waliowahi kufanya safari ndefu kwa fiksi, inawezekana kwa mtu kama mimi? Au nitengeneze ile ya gia?

MwendoMdogo

Inawezekana, na hata si ajabu. Paris–Brest–Paris, safari ya aina hiihii huko Ufaransa, ni kilomita 1,200 ndani ya saa 90, na kila inapofanyika wapo wanaoimaliza kwa fiksi. Mimi nimemaliza 200 mbili na 300 moja.

Ila hiyo 46 kwa 17 usiende nayo. Chukua mzingo wa tairi kuwa mita 2.1. Mzunguko mmoja wa pedeli unakusogeza mita 5.7 hivi. Mlima wa asilimia 7 wengi wetu tunaupanda kwa kilomita 10 kwa saa, na hapo miguu yako itazunguka mara 29 tu kwa dakika. Huko si kukanyaga tena, ni kusukuma ukuta. Kilomita 4 za namna hiyo, tayari una 170 mwilini, zitakumaliza.

Weka 42 kwa 18. Mzunguko unakuwa mita 4.9. Tambarare ukienda kilomita 24 kwa saa, miguu inazunguka mara 82 kwa dakika, ambayo unaweza kuishikilia kutwa nzima. Mlimani inapanda hadi 34. Bado ni nzito, lakini ukisimama juu ya pedeli unafika.

Shida inahamia kwenye kushuka. Kwa kilomita 45 kwa saa, 46/17 inakutaka mizunguko 132 kwa dakika, na 42/18 inakutaka 153. Kila jino unalojipunguzia kwa ajili ya mlima, unalilipa ukianza kushuka. Hakuna gia ya fiksi inayokwepa hilo, kwa hiyo kubali kushuka polepole kwa breki.

Mlima_Hauhami

Mimi napinga, na napinga kwa sababu nilishafanya alichoshauri MwendoMdogo.

Watu wakizungumzia fiksi wanazungumzia milima. Kupanda si tatizo kubwa. Kwa kupanda, mbaya zaidi utashuka utembee, na kilomita 4 za kutembea hazikutoi kwenye saa 20. Kinachokula mtu ni kukosa kupumzika. Piga hesabu: kilomita 300 kwa mita 5.7 ni zaidi ya mizunguko 52,000, na hakuna hata mmoja unaoweza kuuruka. Mwenye friwili akiona mteremko mdogo anaacha kukanyaga, anasimama sekunde kumi, damu inarudi makalioni, anajinyoosha mgongo, anakunywa maji. Wewe umekaa. Vidonda vya siti vilinianza kilomita ya 150 na vilikaa wiki mbili.

Halafu usiku. Mimi nilikuwa nashuka mteremko ambao mchana ningeucheka, saa ya kumi na nne tangu nianze, miguu imekufa ganzi. Mguu wa kushoto ukatoka kwenye mkanda wa pedeli. Kwenye baiskeli ya kawaida unaurudisha tu. Kwenye fiksi pedeli inaendelea kuzunguka na inakupiga ugoko kila inapopita, na huwezi kuikamata. Nilitoka barabarani nikaangukia majani, nashukuru Mungu yalikuwa majani. Safari iliishia kilomita ya 212.

Tengeneza ya gia. Kwa 34 mbele na 32 nyuma mzunguko ni mita 2.2 hivi. Mlima uleule, kasi ileile ya 10, miguu inazunguka mara 75. Unapanda huku unaongea.

Gurudumu_la_Kale

Mbona tunaogopa sana gia moja? Tour de France ya kwanza, 1903, hatua ya kwanza Paris hadi Lyon ilikuwa kilomita 467, na hakuna aliyekuwa na kibadilisha gia. Mashindano mazima yalikuwa kilomita 2,428 kwa hatua sita tu. Barabara za vumbi na mawe, usiku kucha. Dada (au kaka) nenda na fiksi.

FundiSpoku

Gurudumu_la_Kale, ulichosema ni kweli ila nusu yake umeiacha. Vibadilisha gia vilikatazwa kwenye Tour mpaka vikaruhusiwa mwaka 1937. Lakini katika miaka hiyo ya marufuku waendeshaji walizoea kuwa na sproketi (kile kigurudumu cha meno kinachovutwa na mnyororo) pande mbili za gurudumu la nyuma, kubwa na ndogo. Wakifika chini ya mlima wanasimama, wanafungua gurudumu, wanaligeuza. Wangekuwa hawahitaji gia wasingejisumbua.

Pedeli_Mbili, kabla sijasema chochote kuhusu baiskeli nijibu kuhusu goti. Linauma wapi hasa: mbele kwenye kifuniko, ubavuni, au nyuma kwenye mkunjo? Na lilianza kuuma katika safari zenye miteremko tu, au hata tambarare?

Pedeli_Mbili

Asanteni sana nyote. (Ni dada.)

FundiSpoku, nyuma kwenye mkunjo, na linapanda kidogo kwenye paja kwa nyuma. Sijawahi kulifikiria hilo la miteremko, ila umenistua. Njia yangu ya tambarare nimewahi kwenda 95 bila kusikia kitu. Inayoniumiza ni ile ya vilima.

FundiSpoku

Basi nadhani goti lako halina ugonjwa na wala si kwamba umbali umekushinda. Mimi si daktari, na kama linavimba au linauma ukiwa umepumzika nenda ukalionyeshe. Lakini hili nimeliona mara nyingi.

Goti likiuma mbele, kwanza natazama kama siti iko chini mno au gia ni nzito mno. Likiuma nyuma natazama kama siti iko juu mno, na kwa mtu wa fiksi naongeza swali moja: anapunguza mwendo kwa kutumia nini? Una breki moja ya mbele. Mteremkoni unaogopa kuibana sana, kwa hiyo unazuia kwa miguu, unasukuma pedeli kinyume. Kazi hiyo inabebwa na misuli ya nyuma ya paja, na misuli hiyo inajishikiza chini ya goti kwa nyuma. Unaifanyisha kazi ya breki, kilima baada ya kilima. Na kwa sababu mguu wako wenye nguvu ni wa kulia, wa kulia ndio unaolalamika. Nimekosea?

Fanya hivi. Kwanza funga breki ya nyuma, hata kama utaendelea na fiksi maisha yako yote. Wanaosema fiksi haihitaji breki sitabishana nao, lakini kilomita 300 ziache breki zifanye kazi ya breki na miguu ifuate tu. Pili, kaa kwenye siti, weka kisigino juu ya pedeli ikiwa chini kabisa. Mguu unyooke bila kiuno kuinama upande. Kiuno kikiinama, shusha siti milimita 5, uendeshe siku kadhaa kabla ya kuigusa tena.

Na kagua ringi inayofunga sproketi ya nyuma. Nyuzi zake ni za kushoto, inakazwa kwa kuzungusha kinyume cha saa. Watu wengi wanailegeza wakidhani wanaikaza, na ukizuia kwa miguu huku imelegea, sproketi inafunguka yenyewe. Mnyororo uwe na mchezo wa sentimita moja hivi katikati, upime ukizungusha kranki (mikono inayobeba pedeli) duara zima, maana sproketi nyingi si duara kamili na mnyororo hukaza sehemu moja.

Sasa ya gia. Mnyororo unaoruka ukikanyaga kwa nguvu mara nyingi umechakaa, na umekula meno ya nyuma pamoja nao. Chukua rula, pima kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya pini ya 24 baada yake. Mpya ni milimita 304.8. Ukisoma 307 au zaidi, mnyororo umekwisha. Ukibadilisha mnyororo peke yake na bado ukawa unaruka, badilisha na sproketi za nyuma. Usiruhusu mtu akuuzie kibadilisha gia kipya kabla hujapima.

MwendoMdogo

Nakubaliana na Fundi kuhusu breki ya nyuma, nilitakiwa kuuliza mapema. Niongeze: angalia hubu yako ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu. Nyingi za fiksi zina nyuzi pande zote mbili. Kama yako ni hivyo, weka friwili ya meno 18 upande wa pili. Juu ya mlima unageuza gurudumu, unashuka ukiwa umetulia. Dakika tano. Breki mbili zinakuwa lazima hapo, maana kwenye friwili miguu haizuii chochote.

Kokoto

Na spana ya 15 mfukoni. Mwenzetu mmoja aligeuza gurudumu vizuri nyumbani, njiani akapata pancha hana spana.

Mlima_Hauhami

Wazo la kugeuza gurudumu ni zuri kuliko fiksi tupu, nalikubali. Bado nashauri hivi: zijaribu zote mbili kwenye mlima wa kweli kabla ya kuamua. Si siku umepumzika. Kaendeshe kilomita 80 kwanza ndipo upande.

Pedeli_Mbili

Mrejesho, wiki ya tatu.

FundiSpoku, hukukosea. Nilifunga breki ya nyuma, nikashusha siti milimita 5, nikajilazimisha kutozuia kwa miguu. Siku mbili za mwanzo ilikuwa vigumu, mwili unazuia wenyewe bila kuuomba. Jumamosi nimekwenda 120 kwenye njia ileile ya vilima na goti halikusema neno. Miaka mitatu nimekuwa nikijiambia kwamba nina goti bovu.

Mnyororo wa ile ya gia ulisoma 308. Niliubadilisha, ukaendelea kuruka kwenye sproketi tatu ndogo, nikabadilisha na sproketi zote za nyuma. Sasa imetulia kabisa.

Kisha nikafanya alichosema Mlima_Hauhami. Jumapili mbili, kilomita 80 kwanza, halafu mlima wa kilomita 3 wenye mwinuko unaokaribia ule. Kwa fiksi, nikiwa nimeshaweka 42 kwa 18, nilipanda haraka kuliko kwa gia, karibu dakika mbili. Hilo sikulitegemea, ila nadhani ni kwa sababu fiksi hainipi nafasi ya kwenda taratibu. Kushuka ndiko kulikoniamulia. Nilibana breki mpaka mikono ikaganda, nikasimama mara mbili kuinyoosha, na huo ulikuwa mchana. Nikajiwazia palepale kwenye kilomita ya 174, na giza likianza kuingia.

Nakwenda na ya gia. Iliniuma kuandika hivyo, lakini nataka kumaliza. Kuna ya kilomita 200 miezi miwili baadaye, kikomo saa 13 na nusu, njia tambarare. Hiyo ni ya fiksi, na hubu yangu ina nyuzi pande zote mbili, nimeshaangalia.

Limebaki jambo moja. Kwenye ya gia najihisi nimekaa mbali na usukani, mabega yanachoka mapema. Nihamishe vipimo vya fiksi kama vilivyo?

FundiSpoku

Safi sana dada.

Urefu wa siti ndiyo, hamisha. Pima kutoka katikati ya ekseli ya kranki hadi juu ya siti, kwa kufuata bomba la siti. Hakikisha tu kranki zote mbili zina urefu sawa, umeandikwa kwa ndani. Zikitofautiana, rekebisha siti kwa tofauti hiyohiyo. Kisha pima kutoka ncha ya siti hadi katikati ya usukani kwa kila baiskeli uniletee namba zote mbili. Usisogeze siti mbele ili kuufikia usukani, utaliharibu goti tulilolitibu. Kama tofauti inazidi sentimita moja tutafute shingo ya usukani iliyo fupi zaidi, na tuifunge wiki hii, si wiki ya mwisho.

Pedeli_Mbili

Fiksi 52.5, ya gia 55. Kranki zote 170.

FundiSpoku

Sentimita mbili na nusu. Soma namba iliyo ubavuni mwa shingo ya sasa. Kama ni 110, tafuta ya 90, uendeshe kilomita 100, kisha urudi hapa utuambie mabega yanasemaje.