Viungo vya pakiti kwenda Ujerumani: vipimo gani, na lebo iandikwe nini?

MwanaKizimbani:
Assalaam alaykum. Hapa Kizimbani, Zanzibar, tuna pilipili manga, mdalasini, manjano na hiliki, na tunasaga pia bizari ya pilau (mchanganyiko wa viungo). Mnunuzi wa Hamburg anataka kuingiza kilo 300 kwa kuanzia, katika pakiti za gramu 50. Pakiti tunazowauzia watalii zina lebo ya Kiswahili na Kiingereza, na zimeandikwa kuwa ni za kilimo hai na kwamba manjano hutibu viungo vya mwili. Zitapita hivyo hivyo? Na maabara tupime nini?

Bi_Hiliki:
Waalaykum salaam. Hivyo hivyo hazipiti. Futeni kwanza maneno mawili: "kilimo hai" hayaandikwi Ulaya bila cheti cha mkaguzi anayetambuliwa, na kila mzigo huwa na hati yake ya ukaguzi. Na chakula hakisemwi kinatibu maradhi, hata kama bibi zetu wote wanakubali.

Lebo iwe ya Kijerumani: jina la kiungo, uzito, tarehe ya mwisho wa ubora, namba ya kundi inayoanza na L, na jina na anwani ya mwingizaji aliyeko Ulaya. Anwani ya Kizimbani peke yake haitoshi. Herufi ndogo kama "x" isipungue milimita 1.2 kwenda juu (0.9 ikiwa upande mkubwa wa pakiti haufiki sentimita 80 za mraba). Tarakimu za uzito kwa gramu 50 ziwe angalau milimita 2. Mkipanda hadi gramu 100, milimita 3. Jedwali la virutubisho halilazimiki kwa viungo vitupu. Ubora ukizidi miezi 18, mwaka peke yake unatosha.

Bizari ya pilau ina shughuli zaidi, kwa sababu kila kiungo kitajwe kwa jina. Neno "viungo" peke yake halikubaliki kwenye mchanganyiko ambao wote ni viungo.

FundiKinu:
Bi Hiliki kasema ya lebo, lakini mizigo mingi hukwama kabla ya lebo kusomwa. Mnasaga wapi? Kinu cha mtaani asubuhi kinasaga ngano, mchana karanga, jioni bizari yenu. Ngano na karanga zote zimo kwenye orodha ya Ulaya ya vizio 14 (vyakula vinavyoleta mzio, lazima vitajwe kwenye lebo), pamoja na ufuta, haradali na seleri. Chembe chache zisizotajwa zinatosha kurudisha mzigo mzima, na kufuta kinu kwa kitambaa hakuziondoi. Bizari nyembamba (jira) pia haitoki kwetu, inaletwa, kwa hiyo mdaini muuzaji karatasi ya kipimo cha karanga. Miaka ya 2014 na 2015 bizari hiyo iliondolewa madukani Marekani na Ulaya kwa sababu ya karanga au lozi ambazo hazikutajwa.

Vipimo:
- Sumu za kuvu, kwa pilipili manga na manjano: aflatoksini B1 isizidi maikrogramu 5 kwa kilo, jumla ya aflatoksini zote 10, okratoksini A isizidi 15.
- Risasi (madini yenye sumu) isizidi: pilipili manga miligramu 0.6 kwa kilo, manjano 1.5, mdalasini 2. Manjano ndiyo hukaguliwa kwa jicho kali, maana kuna nchi ambako hutiwa kromati ya risasi, rangi ya njano yenye sumu, yang'ae.
- Salmonela (kijidudu kinachoharisha): isionekane kabisa katika gramu 25.

Jua halimuui salmonela. Akishaingia na kinyesi cha kuku au mjusi kwenye jamvi, anakaa ndani ya kiungo kikavu miezi na miezi. Anikeni juu ya kichanja chenye wavu, si chini, na pilipili manga itumbukizwe kwenye maji ya moto dakika moja kabla ya kuanikwa. Hupungua vijidudu na hukauka upesi. Unyevu ufike asilimia 12 au chini yake. Msianike wakati wa masika kama hamna kikaushio. Njia ya uhakika ya kusafisha ni mvuke. Msikubali gesi ya oksidi ya ethilini: Ulaya imeipiga marufuku, na kikomo cha mabaki ni miligramu 0.1 tu kwa kilo.

Sampuli ichotwe kidogo kidogo kwenye kila gunia kisha ichanganywe. Kuvu hawaenei sawasawa. Gunia moja safi halikwambii kitu juu ya jirani yake.

MwanaKizimbani:
Shukrani nyote. Bizari yetu ina karafuu pia. Kuna tatizo?

Bi_Hiliki:
Lipo. Karafuu ina sheria yake, na inapita ZSTC, Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar. Zungumzeni nao kabla hamjaipakia, hata iwe kijiko kimoja ndani ya mchanganyiko, isije ikahesabiwa magendo.

FundiKinu:
Mimi ningemshauri mnunuzi achukue viungo vizima kwenye mifuko ya kilo 10, avitie mvuke na kuvipakia hukohuko.

Bi_Hiliki:
Na faida yote ibaki Hamburg? Mdalasini mzima na hiliki mnaweza kuvipakia hapa, lebo achapishe yeye awaletee. Pilipili manga na manjano ndizo ziende kwa mifuko. Bizari ya pilau ingoje kinu chenu wenyewe. Mkumbusheni pia ajiandikishe LUCID, daftari la Ujerumani la vifungashio. Mwingizaji ndiye anayewajibika.

MwanaKizimbani:
Tutaanza na mdalasini na hiliki basi. Kinu tutakitafutia hesabu.