Glioblastoma inarudi palepale baada ya mionzi: ni kazi ya seli shina?

mwanafunzi_bukavu
Habari za jioni wakubwa. Tunaandaa mada ya glioblastoma, kansa kali ya ubongo, kwa ajili ya wenzetu wa mwaka wa mwisho. Uvimbe umetolewa, IRM (picha ya ubongo kwa sumaku) ni safi, mgonjwa amepata mionzi na temozolomidi (dawa ya kansa), halafu uvimbe unaota tena palepale. Seli shina za kansa, zile zinazojizalisha na kuotesha uvimbe upya, zinaponaje? Na je, kupima CD133, alama ya protini iliyo juu ya seli, kunatosha kuzitambua?

maabara_goma
Karibu ndugu. Kwanza, IRM safi haimaanishi ubongo safi. Seli moja moja zimekwishapenya mbali na ukingo ambao mpasuaji anauona, na mara nyingi uvimbe hurudi ndani ya sentimita 2 za ukingo huo.

Mwaka 2004, kundi la Singh na Dirks kule Toronto lilipandikiza seli za uvimbe wa ubongo wa binadamu kwenye ubongo wa panya. Seli 100 zenye CD133 zilitosha kuotesha uvimbe mpya. Zisizo na alama hiyo, hata 100,000, hazikuotesha kitu.

Mionzi hukata DNA ya seli zote. Bao na Rich walionyesha mwaka 2006 kwamba seli zenye CD133 huwahi kuamsha protini za ukaguzi, Chk1 na Chk2. Mgawanyiko unasimama, DNA inaungwa, kisha maisha yanaendelea. Protini hizo zikizuiwa, mionzi inaziua seli hizo vizuri zaidi.

Temozolomidi nayo hubandika metili (kikundi kidogo cha kikemikali) kwenye guanini, herufi mojawapo ya DNA, lakini madhara yake hutokea seli inapojigawa. Seli iliyolala inapita salama. Tena ipo MGMT, protini inayobandua ile metili; kila molekuli hufanya kazi mara moja tu kisha inaharibiwa, kwa hiyo kinachoamua ni wingi wake.

dawa_lubumbashi
Dokta wa Goma, kwenye CD133 naomba nikupinge. Kuna glioblastoma ambazo seli zake zisizo na CD133 zimeotesha uvimbe vilevile, na oksijeni ikipungua seli huweza kuipata upya alama hiyo. Msiifundishe kama muhuri. Seli shina hutambulikana kwa kazi yake: kujizalisha na kuotesha uvimbe. Hata kuzikuza kunataka uangalifu: bila seramu (majimaji ya damu), na vichochea ukuaji EGF na FGF-2 nanogramu 20 kwa mililita kila moja. Zitaelea kama vidonge vidogo vya mviringo. Ukitia seramu, zinashika chini ya sahani, zinatandaa, na tabia ya ushina inapotea.

Kwa mgonjwa, pimeni metili kwenye jini la MGMT: metili ikilizima jini hilo, protini inakuwa chache na temozolomidi inafanya kazi vizuri zaidi. Kipande cha uvimbe kiingie mara moja kwenye formoli (dawa ya kuhifadhi) ya 10% yenye bafa, ujazo mara 10 ya kipande, kisizidi saa 72. Kikikaa humo wiki nzima, DNA inakatikakatika na kipimo hakisomeki. Kama mnatuma mbali, tumeni kipande kilichokwisha kuwekwa kwenye parafini (nta), siyo chupa ya formoli.

Dozi: mionzi Gy (grei) 60 kwa jumla, igawanywe mara 30, pamoja na temozolomidi mg 75 kwa mita ya mraba ya mwili kila siku, Jumamosi na Jumapili pia. Baada ya wiki 4 za kupumzika, mg 150 hadi 200 kwa mita ya mraba kila siku kwa siku 5 katika kila siku 28, mizunguko 6. Chembe sahani za damu zikiwa chini ya 100,000 kwa mikrolita, mzunguko unasubiri. Katika utafiti wa Stupp wa 2005, muda wa kati (mediani) wa kuishi, ukilinganisha mionzi peke yake na mionzi pamoja na temozolomidi, ulipanda kutoka miezi 12.1 hadi 14.6. Ni kidogo, na inauma.

mwanafunzi_bukavu
Aksanti sana. IRM ya mwezi wa kwanza baada ya mionzi ikionyesha doa la uvimbe limekua, tuseme dawa imeshindwa?

dawa_lubumbashi
Hapana, msikimbilie kuikatiza. Katika wiki 12 za kwanza mionzi yenyewe huvimbisha ubongo na kufanana na uvimbe uliorudi. Mgonjwa akiwa na nafuu, endeleeni na rudieni IRM baada ya wiki 4 hadi 8. Kila mara andikeni dozi ya deksametazoni (dawa ya kupunguza kuvimba kwa ubongo) ya siku hiyo, maana ikibadilika nayo picha inabadilika. Doa jipya nje ya eneo lililopigwa mionzi, hilo ndilo la kuogopa.