Ukoo wa Bibi Rukia, Malindi: safari mbili za Marekani

(Kikundi cha WhatsApp, Alhamisi baada ya Isha)

Mama Yusra: Assalamu alaikum jamaa. Ile fomu ya Yusra tuliyokuwa tukiisubiri tangu Rajabu imefika. Wiki ijayo anapanda Nairobi, ubalozini. Muombeeni dua.

Swaleh: Waalaikum salaam. Mashallah! Kwa hiyo viza ishatoka?

Yusra: Bado mjomba. Hiyo ni DS-2019, karatasi ya mdhamini wa Marekani. Inaonyesha nimekubaliwa kwenye mpango wao wa wanafunzi kufanya kazi Marekani wakati wa likizo, na naanza lini, namaliza lini. Hiyo ndiyo naenda kuombea viza ubalozini Gigiri.

Swaleh: Muda gani?

Yusra: Isizidi miezi minne, tena iwe ndani ya likizo yangu. Chuo kikifunguliwa niko darasani.

Aziza: Bibi yuko hapa kando yangu, anauliza ni kazi gani.

Yusra: Ya hoteli, bibi. Kusafisha vyumba na kutandika vitanda. Ocean City, Maryland. Ni mji wa pwani vilevile.

Aziza: Bibi anacheka mpaka mtandio wa sala umemwanguka. Anasema kitanda chako cha hapa kina siku tatu hakijatandikwa, na Wamarekani wamekuita uwatandikie.

Nasra: 😂😂 Mwambieni ataona. Mimi 2019 nilikuwa mji huohuo, mgongo ulikuwa wauma mpaka nikalala na viatu. Na kodi ya chumba walikuwa wakikata kila wiki kabla sijashika mshahara. Yusra, uliza hiyo kodi mapema, ujue kinachobaki.

Mama Faraj: Hongera mwanangu. Basi na mimi nitoe yangu, nilikuwa nimenyamaza mpaka mambo yaive. Faraj naye anakwenda.

Nasra: Faraj yupi?

Mama Faraj: Kwani tuna wangapi? Nimepata ajenti Mombasa, kila kitu anafanya yeye. Atapewa boti ya watalii aendeshe hukohuko Marekani. Nishatuma elfu thelathini, bado laki mbili.

Swaleh: Laki mbili!

Nasra: Shangazi, usinichukie, nauliza tu. Ni viza gani anayoombewa?

Faraj: J-1. Kama ya Yusra.

Nasra: Ile ni ya mwanafunzi, Faraj. Lazima uwe unasoma chuo, na uwe umemaliza angalau muhula mmoja. Wewe unasoma wapi?

Faraj: Ajenti amesema hiyo si tatizo.

Faraj: [Picha]

Yusra: Subhanallah. Barua ya chuo. "Mwaka wa pili, Sayansi ya Kilimo."

Swaleh: Faraj wewe jembe ulilishika lini?

Aziza: Bibi anasema hata mchicha wa uani alikataa kuumwagilia.

Mama Faraj: Mnacheka. Mtoto wangu ndiye anayechekwa.

Nasra: Mimi sicheki shangazi. Yule afisa wa dirishani ubalozini ataanza na hapo. Mimi aliniuliza nasoma nini, somo gani linanishinda, nikirudi nimebakisha mihula mingapi. Anachotaka kujua ni kama una sababu ya kurudi kwenu. Faraj akiulizwa habari za mbolea atasema nini? Kukataliwa tu si hoja, watu wanakataliwa na wanaomba tena. Lakini wakijua karatasi ni ya uongo wanaweza kumfungia Marekani maisha.

Nasra: Halafu hiyo ya boti ndiyo imenishtua. Kwenye mpango huu huruhusiwi kuendesha gari wala chombo cha majini kinachotaka leseni. Wala kazi za ndani kwenye nyumba za watu. Mtu anayejua mpango huu hawezi kumuahidi mtu boti.

Mama Yusra: Sisi mdhamini tulimtafuta jina kwenye orodha ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, iko wazi kwenye tovuti yao. Ajenti wa huku hatoi DS-2019, anapeleka faili tu. Na ile ada ya viza, dola 185, tuliilipa wenyewe na risiti ina jina la Yusra. Ya SEVIS, ule mfumo wao wa kusajili wanafunzi wa nje, kwa wanafunzi wa kazi za likizo ni dola 35. Dada, wewe ulipewa risiti gani?

Mama Faraj: Ujumbe wa M-Pesa.

Swaleh: Ulituma kwa jina la kampuni au la mtu?

Mama Faraj: Ujumbe huu umefutwa

Swaleh: Haya.

Faraj: Mjomba, nyote mnaongea kama mimi ni mjinga. Kusi likishika boti zote zinapandishwa mchangani. Hoteli nusu zinafunga. Mei, Juni, mimi nakaa chini ya mkungu nahesabu mawimbi, naombaomba pesa ya bando kwa mama. Na huko ndiyo msimu wao unaanza. Sasa mtu akija kuniambia kuna boti inanisubiri, nisiende?

Aziza: Bibi amenyamaza. Ananiambia nisiandike kitu.

Nasra: Hujakosea kutaka, binamu. Ningekuwa wewe ningetaka. Iko viza nyingine ya kazi za msimu, H-2B, haihitaji uwe mwanafunzi. Lakini hiyo mwajiri wa kule ndiye anayeanza kuomba, na sheria yao hairuhusu mfanyakazi atozwe pesa ili apewe kazi. Ukisikia laki mbili, ondoka.

Faraj: Basi simpi nyingine.

Swaleh: Na pasipoti yako uifiche vizuri.

Swaleh: Faraj?

Swaleh: Faraj, pasipoti iko wapi?

Faraj: Iko kwake. Alisema anaipeleka ubalozini.

Mama Yusra: Ya Rabbi. Yusra hata intavyuu hajafanya, pasipoti iko kabatini mwangu. Ataibeba mwenyewe mkononi siku ya kwenda.

Mama Faraj: Miezi mitano tuliitafuta hiyo pasipoti. Tuliambiwa tulete mpaka cheti cha babu aliyezaliwa kabla ya vyeti.

Swaleh: Sasa tusilie usiku. Kesho ni Ijumaa, basi la saa kumi na moja alfajiri mimi na Faraj tuko ndani. Huyo ajenti hatumgombezi, hatutaji pesa. Tunaomba pasipoti kwanza, tunasema inatakiwa benki. Ikiwa mkononi ndiyo tuzungumze elfu thelathini. Akikataa, tunakwenda polisi na ile barua ya kilimo.

Nasra: Ami, piga picha za mazungumzo yote ya WhatsApp na huyo ajenti kabla hamjafika. Asije akafuta.

Faraj: Nishapiga. Amesoma ujumbe wangu wa jioni, hajajibu.

Mama Faraj: Kaka, nauli ya wote wawili natuma mimi sasa hivi.

Swaleh: Zako ziweke.

Aziza: Bibi anasema Faraj aje alale hapa leo, yeye ndiye atakayemwamsha.