Nimekwama kwenye kitabu cha Immaculée Ilibagiza

Binti wa Ngara:
Habari zenu wapendwa. Nasoma kitabu cha Immaculée Ilibagiza, Mtutsi aliyenusurika mauaji ya kimbari ya Rwanda mwaka 1994. Wiki ya tatu sasa nimekwama pale wauaji wanapoingia nyumbani kwa mchungaji aliyemficha, naye Immaculée anasikia wakimtaja kwa jina, ng'ambo ya ukuta tu. Wanawake wanane wamebanana kwenye bafu dogo, mlango umezibwa kwa kabati. Walikaa humo siku 91. Na zile sauti anazitambua, ni za watu wa kijijini kwao! Nikifika hapo nafunga kitabu.

Kwetu ni Ngara, Tanzania, mpakani na Rwanda. Mwisho wa Aprili 1994 nilikuwa na miaka 9. Watu walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda mchana na usiku, inasemekana 250,000 kwa siku moja tu, huku mto Kagera ukishuka na maiti. Mama aliwapikia uji. Nilipokuwa mkubwa ndipo nikajua kwamba wengi wa wale walikuwa wakilikimbia jeshi la RPF, waasi wengi wao Watutsi waliokuwa wakipigana na serikali iliyoendesha mauaji, na kwamba waliotoka kuua walikuwamo. Sasa kila nikisoma naiona ile sufuria. Nani alikunywa uji wetu? Mliomaliza kitabu, mlipitaje hapo?

Msomaji, Arusha:
Pole sana dada. Mimi nilisoma mchana tu, kidogo kidogo. Kilichonivusha ni kamusi: humo humo bafuni anaanza kujifunza Kiingereza, kwa kuwa ameshaamua kwamba atatoka hai.
Hilo la majirani halikuniacha. Nilihudhuria mara kadhaa mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokuwa ikisikiliza kesi za mauaji hayo hapa Arusha, kwenye jumba la mikutano la AICC. Shahidi yuko nyuma ya pazia, anaitwa kwa herufi, jina halitajwi. Akayesu, aliyehukumiwa kwa mauaji ya kimbari Septemba 1998, aliwahi kuwa mwalimu kabla ya kuwa meya wa Taba, huko Rwanda. Mwalimu, dada!

Mama Keza, Kigali:
Mwanangu, usikisome Aprili, mwezi wa kumbukumbu ya mauaji. Mwezi huo hata sisi redio tunaiwasha kwa uangalifu. Na uji wa mama yako usiuhukumu. Kwenye ule msafara watoto walikuwa wengi.

Binti wa Ngara:
Asanteni. Mama Keza, shikamoo. Jana nilimpigia mama, nikamuuliza kama aliwahi kuwaza wale walikuwa akina nani. Alinyamaza kitambo, kisha akasema alianza kuwaza siku ya tatu, na siku ya nne akapika tena, akawapa watoto kwanza. Miaka yote hiyo hakuwahi kunieleza. Leo nimefika kwenye kamusi.