Naomba ushauri: kununua gari la umeme lililotumika, Mombasa

Ndugu zangu, naomba ushauri wenu kabla sijaagiza Nissan Leaf iliyotumika kutoka Japani, ambayo nataka niitumie kwenda kazini kutoka Mtwapa hadi kisiwani na kurudi jioni.

Mwaka 2024 magari ya umeme yaliyouzwa duniani yalizidi milioni 17, mengi yakiwa nchini China, na Ethiopia ilipiga marufuku kuingiza magari ya petroli na dizeli ya watu binafsi. Kwetu, Sheria ya Fedha ya mwaka 2019 ilishusha ushuru wa bidhaa kwa magari haya kutoka asilimia 20 hadi 10, hatua ninayoiona kuwa ya busara.

Kinachonitia wasiwasi ni betri. Leaf za vizazi viwili vya kwanza hazina mfumo wa kupoza betri kwa maji, nayo betri ya lithiamu huchakaa haraka kwenye joto, na joto la Pwani mnalijua, hasa gari likishinda juani siku nzima. Je, vile vijistari 12 vya dashibodi vinavyoonyesha uwezo wa betri vinaaminika, au nidai ripoti ya kipimo kutoka kwa muuzaji kabla ya kulipa? Kwa aliyewahi kuliendesha Mombasa, betri ilipungua kwa kiasi gani? Aidha, naomba kufahamishwa kama kuna fundi hapa anayeweza kubadilisha seli chache zilizokufa bila kulazimika kununua betri nzima, kwa sababu gharama hiyo ndiyo itakayoamua kama ninunue au niache.