Mwaka jana "subira yavuta heri", leo wanichekea mbele ya watu! Uzi wa yule muuza prosesa

MpigaPicha_Amu

Wadau, nimetoka dukani kwake sasa hivi, hata kofia sijavua, nachapa huu uzi mikono yatetema. Simtaji jina. Hakuna haja. Shika Usita wa Mui hapa Lamu kuelekea Langoni, ukisikia mtu anacheka mpaka kisiwa cha Manda wanamsikia, huyo ndiye, na wote mwamjua, na nusu yenu ashawauzia chaja ya kufa baada ya wiki.

Mtu mzima na ndevu zake ameishika prosesa yangu, ule ubongo wa kompyuta, kwa vidole viwili, akaiinua juu watu wote waione, akanambia "hii ipeleke Makumbusho pale pwani wakutilie kioo." Makumbusho!! Mbele ya watu! Kulikuwa na bibi mmoja amekuja kutoa kopi ya kitambulisho, prosesa haijui kama ni ya kula au ya kujifukiza, na yeye akacheka. Yule kijana wake wa kazi akacheka mpaka akakaa chini kwenye kreti la soda.

Nianze mwanzo basi maana nikiiwaza ile Makumbusho damu yapanda. Mimi nina bodi ya kompyuta ya B450 yenye soketi ya AM4 (soketi ndo pale prosesa inapokaa), juu yake prosesa ya Ryzen 5 2600 ya mwaka 2018. Kazi yangu mwaijua, naediti video za arusi. Mwaka jana nikenda kwake na pesa taslimu, nataka Ryzen 7 5700X3D, bodi ile ile, ramu zile zile za DDR4, naapdeti baiosi (ile programu ya bodi) naweka nafunga khalas. Na alikuwa nayo! Nimeiona kwa macho yangu haya, boksi liko ndani ya kabati la kioo, juu yake amepanga chaja na kava za simu. Nikamwambia ami nipe hio. Akanambia ngoja mwanangu, za AM5, soketi mpya, zimeingia na zazidi kuingia, hizi za zamani zitateremka bei mpaka utazichukua bure, subira yavuta heri. Nikamwamini kwa sababu ni mkubwa wangu na aswali safu ya mbele.

Wiki haijapinduka nasikia ile boksi imepanda boti kwenda Shela kwa mzungu.

Kisha AMD, wenye hizi Ryzen, wakaacha kuitengeneza. Kitu kilotoka Januari 2024 kwa dola 249 hakikukaa hata miaka miwili. Kubwa yake, 5800X3D, ilotoka Aprili 2022 kwa dola 449, ishaondoka kabla, na sasa za mkononi, zimetumika, zina krimu ya kupozea ya mtu mwengine juu yake, watu waziuza kupita ile bei ya dukani! Leo nimekwenda na 2600 yangu mfukoni nimeifunga vizuri kwa kitambaa, nia yangu nimpe hio nimuongezee pesa aniagizie Nairobi. Akanitajia bei nikadhani ananisomea nambari ya simu. Nikamwambia kwa adabu kabisa, ami si wewe ulonambia ningoje?

Ndo hapo akawageukia watu. "Ngoja ngoja huumiza matumbo!" Yeye! Yule yule wa subira yavuta heri! Methali mbili mdomo mmoja, ya kwanza ya kuninyima, ya pili ya kunicheka, halafu ndo akaiinua prosesa akaja na hio ya Makumbusho.

Prosesa si samaki wa jioni kwamba ukingoja jua lizame bei yashuka. Yashuka kile kipindi kifupi tu mpya ishaingia na ya zamani bado imejaa madukani. Mtengenezaji akifunga, ile kubwa ya mwisho inayoingia kwenye soketi yako ndo yapanda, maana kila mwenye bodi ya zamani aitaka hio hio asinunue bodi na ramu upya. Haya yeye ayajua, ndo biashara yake. Mimi niloediti arusi za nusu ya mji huu niambiwe nitiliwe kioo??

Na alivyoirudisha kwenye meza aliisukuma, na hizi za AM4 pini ziko kwenye prosesa yenyewe si kwenye soketi, pini mbili za pembeni zimelala. Nimekaa hapa nazinyanyua na sindano ya kushonea kofia.

Bint_Mkomani

Wakutilie kioo 😂😂😂 pole kaka lakini nimecheka chai imenimwagikia. Bibi alipata kopi yake?

MpigaPicha_Amu

Alipata na akaondoka anarudia "Makumbusho, Makumbusho" njia nzima. Kesho mji mzima utakuwa unajua.

Waya_Mwekundu

Unajua kabisa X3D ni ya magemu? Ile keshi ya MB 96 (hifadhi ya haraka ndani ya prosesa) yasaidia gemu, kurenda video, yaani kuitoa ikiwa tayari, kwataka kori nyingi, vile vichwa vya kazi ndani ya prosesa. Ungetafuta 5900X, kori 12, bodi hio hio. Arusi gani yaeditiwa na X3D, ya FIFA?

MpigaPicha_Amu

Arusi mchana, gemu usiku, pesa zangu. Na kori 8 si 6, kwa hio hata kurenda ningepata nafuu. Hujajibu suala la kunichekesha kwa watu.

Waya_Mwekundu

Suala la kuchekwa siwezi, mimi ni fundi wa waya. Sindano weka, chukua wembe mwembamba upitishe katikati ya safu za pini kidogo kidogo, sindano utaikata. Ikikatika ya stima hata Makumbusho hawaitaki.

Kaskazi_Malindi

Nawasikiliza kutoka Malindi huku nasikitika, nyie wa AMD mmedekezwa wallahi. Soketi moja tangu 2016 mpaka leo mnalia! Mimi nilinunua prosesa ya Intel, Core i7-7700K, mwanzo wa 2017, mpya, ya boksi, muuzaji akaniapia hii ndo mwisho wa mambo, nikauza pikipiki. Oktoba mwaka ule ule ikatoka 8700K ya kori 6, yangu nne. Nikasema sawa nitaipandisha, soketi si ile ile 1151? Ile ile! Pini zile zile kwa hesabu! Bodi ikakataa, ati ninunue nyengine. Halafu Windows 11 inakuja 2021 inataka Intel kizazi cha nane kwenda juu, changu cha saba. Nimekosa kwa namba moja. Wewe umeambiwa Makumbusho na mtu wa Langoni, mimi nimeambiwa na Microsoft.

Mtu_wa_EksYuke

Sasa nyote nawashangaa. Mimi nina deski ya eks-yuke, ilotumika Uingereza, i5 kizazi cha nne, DDR3, nilichukua Mombasa na kibodi na mausi juu. Yafungua eksel, yapiga kasida, sina soketi sina nini. Nyinyi mwakimbizana na kitu ambacho kesho kinaachwa kutengenezwa halafu mwaja kulia hapa.

Kaskazi_Malindi

Oktoba 2025 Windows 10 imeisha kupewa masasisho ya bure ya kawaida, na wewe wa kizazi cha nne uko pamoja na mimi kwenye shimo moja, usijifanye uko juu ya mnazi.

Mtu_wa_EksYuke

Nitaweka Linux.

Kaskazi_Malindi

Wote husema hivyo.

Bahari_Kuu

Mada ya kweli ni ramu bana, prosesa nini. Mwambieni mwenye uzi hata akitaka kuhama AM5 anunue kwa nini, AM5 haikubali DDR4 kabisa, lazima DDR5, na bei za DDR5 mmeziona? Viwanda vyote vyapeleka chipsi kwa hawa wa akili mnemba. Micron, watengenezaji wa ramu, walitangaza Desemba 2025 kwamba wanaacha kuwauzia watu wa kawaida bidhaa zao za Crucial. Ndo maana watu wamerudi kung'ang'ania AM4, na ndo maana huyo jamaa ametaja nambari ya simu. Mie niliona vijiti viwili vya GB 16 nikaenda nyumbani nimnunulie mke dhahabu, nafuu.

MpigaPicha_Amu

Ahsante, angalau mmoja kaelewa. Sasa wewe mtu anayejua hivyo mwaka jana, kwa nini amwambie mteja angoje? Na akishangoja kwa nini amcheke? Aliinua JUU. Kwa vidole viwili. Nyinyi mwaona hilo ni jambo dogo?

Bint_Mkomani

Kaka sisi twaona. Na bibi aliona.

Fundi_Mokowe

Huyo huyo aliniuzia prosesa ya Intel, 14900K, ya mkononi, kila nikifungua gemu yaanguka. Nikamrudia akanambia ni stima ya Lamu. Stima gani, dunia nzima yajua kizazi cha 13 na cha 14 za Intel kulikuwa na kasoro ya voltiji, Intel wenyewe wametoa sasisho la baiosi Agosti 2024 na wakaongeza dhamana miaka miwili. Dhamana nitadai wapi sasa, risiti alinipa nyuma ya karatasi ya dua.

Bahari_Kuu

Nyuma ya karatasi ya dua 😭 hapo kakuzidi mwenye uzi.

MpigaPicha_Amu

Hajanizidi. Wewe uliuziwa kitu, mimi nilinyimwa NA nikachekwa.

DadaWaBiArusi

Subirini kidogo. MpigaPicha_Amu, wewe si ndiwe uliyechukua arusi ya mdogo wangu Shela? Ile ya upenuni kwa mjomba? Video iko wapi? Mtoto wao ashaanza kutambaa.

Bint_Mkomani

LO!

MpigaPicha_Amu

Dada naomba tusitoke kwenye mada. Picha za arusi yenu ni kuanzia singo mpaka kutolewa nje kwa bi arusi, kamera mbili, zote 4K, na 2600 ikishika kurenda usiku kucha asubuhi stima imekatika naanza upya. Ndo hasa nilikuwa naitaka ile prosesa! Mkinidai mimi mdaini na yule alonambia ningoje.

DadaWaBiArusi

Hatukumlipa yeye tulikulipa wewe, na nusu ulitaka kabla.

Nahodha_Pate

Na ya binamu yangu pia bado. Sikutaka kusema.

Waya_Mwekundu

Kwa hio jamaa alimwambia angoje na yeye kawaambia mngoje. Mji mzima uko foleni moja.

MpigaPicha_Amu

Modi naomba mwongoze huu uzi. Mada ni yule mwenye duka.

Nahodha_Pate

Bora nyie video haijaja. Arusi yetu nyengine, ya mpiga picha mwengine, video ilikuja. Mpiga picha alokuja kwetu aliruka wazee wote, kuozesha kote hakuna, mkono wa baba haupo, badala yake dakika arubaini za watu wanapakua biriani.

DadaWaBiArusi

Astaghfirullah. Na kina mama je, si waliahidiwa hatachukuliwa mtu uso?

Nahodha_Pate

Shangazi yangu katokea anatia nyama mkobani. Imezunguka WhatsApp mpaka Mombasa.

Bahari_Kuu

Hio ya biriani dakika arubaini nani anayo? Itume.